Tundu Linaloshika Uchafu

Ukitaka kuelewa maji ya Tiwi, anza na matundu. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo umejaa matundu. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi na kukusanyika chini. Visima virefu vya Tiwi hunywesha watu hadi Likoni. Tatizo ni kwamba mahali panapopita mvua, maji ya choo nayo hupita.

Plastiki iliingia katika historia hii kama mkombozi. Mwaka 1983 mradi wa pampu za mkono ulianza hapa Kwale, na shirika la KWAHO likawashirikisha wanakijiji, hasa akina mama. Majaribio ya huku na ya Malawi ndiyo yaliyozaa pampu ya Afridev. Bomba lake la kupandishia maji ni la PVC, na ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe. Akina mama walifunzwa kazi hiyo, wakaiweza.

Kisha zikaja chupa. Chupa ya PET ilipata hataza Marekani mwaka 1973, na leo imejaa kila mtaro. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 haikuigusa.

Sasa hebu tazama kinachofanyika maabara. Ukiipasha PET moto mkali pasipo hewa, inabaki kaboni. Ukiipitishia mvuke wa moto au kemikali, kaboni hiyo inachimbika vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita 1,000 za mraba. Rangi, dawa za shambani na kemikali nyingine hunasa humo. Wengine huivunja PET kupata asidi tereftaliki, wakaiunganisha na metali kujenga fuwele zenye vyumba vitupu. Fuwele za jamii hiyo ndizo zilizoshinda Nobeli ya kemia mwaka 2025.

Lakini kwetu wazo hili si geni sana. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, barakoa za kuzuia gesi ya sumu zilijazwa mkaa wa kifuu cha nazi. Naam, kifuu kile kile tunachokitupa nyuma ya jiko! Hadi leo vichujio vingi vya maji hutumia mkaa wake.

Kwa hivyo mimi nafurahi, ila kwa tahadhari. Kwanza, usijaribu nyumbani: plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na PVC hutoa gesi ya asidi. Pili, mkaa huu hauondoi chumvi, wala si wa kutegemewa kwa vijidudu vya kipindupindu. Choo kilichochimbwa karibu na kisima bado ni shida ya kutatuliwa kwa jembe na sheria.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Vitundu hujaa. Vikishajaa, maji yanapita na sumu yake, huku yakionekana meupe vilevile. Lazima awepo mtu wa kupima na kubadilisha. Afridev ilidumu Kwale kwa sababu mama wa kijijini alikabidhiwa spana na akafunzwa kuitumia. Chujio la plastiki likija Tiwi, nitakachouliza kwanza ni nani kati yetu amefunzwa kulifungua.