Fomu Itumwayo Chini kwa Chini

Mtu aliyejaza fomu ya tovuti katika miaka ya 1990 alijua kwamba akishabonyeza kitufe cha kutuma hana budi kusubiri. Maana ukurasa wote ulifutika machoni pake, kivinjari kikayachukua majibu yake hadi kwenye seva, na seva, hata ikiwa ina neno moja tu la kumwambia, ikaandaa ukurasa mzima upya, pamoja na picha na mapambo yake yote, na kuurudisha kwa njia ile ile. Ikiwa alikosea tarakimu moja ya tarehe, aghalabu alirudishiwa visanduku vitupu, na maelezo aliyoyatunga kwa makini yamepotea. Kwa sisi tuliolipia intaneti kwa dakika, kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujatua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa setilaiti ilikuwa hasara dhahiri ya fedha.

Mafundi walitafuta hila mapema. Internet Explorer 3 ya mwaka 1996 iliruhusu fremu kuwekwa ndani ya ukurasa, nao wakaificha fremu hiyo isionekane, fomu ikapitia humo bila ukurasa wote kufutika.

Dawa yenyewe ilitoka kwa watu wa barua pepe. Mwaka 1998, katika kampuni ya Microsoft, waliounda Outlook Web Access walitaka mtu asome barua zake ndani ya kivinjari bila ukurasa kuchorwa upya kila afunguapo barua moja, na Alex Hopmann akaandika chombo cha kuzungumza na seva kwa faragha. Lakini Internet Explorer 5 ilikuwa imekaribia kukamilika, wala haikuwa rahisi kupenyeza kitu kipya. Hivyo Hopmann akamwendea Jean Paoli, aliyesimamia kazi za XML, lugha ya kupanga data kwa maandishi, wakapatana kwamba chombo hicho kisafiri ndani ya maktaba ya programu iitwayo MSXML. Ndiyo sababu kikaitwa XMLHTTP, ilhali kinaweza kubeba maandishi ya namna yoyote.

Utendaji wake ni wa kupendeza. Ombi huhesabiwa hatua kuanzia 0, kabla halijafunguliwa, hadi 4, jibu likiisha kuwasili. Na muda huo wote mtu aliye mbele ya ukurasa huendelea na shughuli zake, kama mama aliyemtuma mtoto dukani huku naye akikoroga chungu. Jibu likifika, sehemu inayohusika tu ndiyo ibadilikayo.

Internet Explorer 5 ilitolewa Machi 1999, lakini wajenzi wa tovuti walio wengi hawakujishughulisha na hazina iliyokuwamo. Waundaji wa kivinjari cha Mozilla waliiga chombo hicho kwa jina la XMLHttpRequest, kivinjari cha Safari kikafuata mwaka 2004, na mwaka huo huo, tarehe 1 Aprili, Gmail ikawaonyesha watu uwezo wake. Kisha Februari 2005 ikaja Google Maps, ramani iliyovutwa kwa kipanya bila kukatika. Mwezi huo huo Jesse James Garrett aliandika insha iliyoipa njia hiyo jina la Ajax, na jina likaenea hima. Insafu yanipasa kusema kwamba sifa ya kuvumbua ni ya wale wa barua pepe, ijapokuwa jina lilifanya kazi kubwa ya kuwaamsha walimwengu.

Ufundi huu haukukosa taksiri. Ukurasa uliofutika ulikuwa angalau ishara kwamba kitu kimeondoka. Fomu itumwayo kimya humwacha mtu hajui kama imepokelewa, naye hubonyeza mara ya pili, na ombi moja likaingia mara mbili. Mjenzi mwadilifu hukizima kitufe mara kinapobonyezwa, kisha huandika wazi kwamba fomu imepokelewa au imekataliwa, na sababu yake, pasipo kugusa maneno yaliyokwisha kuandikwa.

Rasimu ya kwanza ya kanuni za XMLHttpRequest ilitolewa na shirika la W3C Aprili 2006. Mwaka 2015 njia nyepesi zaidi, iitwayo fetch, ikaanza kuingia katika vivinjari, lakini ile ya zamani haikuondolewa, kwa kuwa tovuti zisizo na idadi zingali zikiitegemea.