Nyumba ya Hattie McDaniel

Ukitaja Hattie McDaniel, wanaomjua hukumbuka mambo mawili: Oscar na aproni. Aproni kwa sababu karibu kila filamu aliyocheza alikuwa mpishi, yaya au mtumwa wa Wazungu. Oscar kwa sababu tarehe 29 Februari 1940 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuishinda, kwa kumcheza Mammy katika Gone with the Wind. Mimi nataka tuongee kuhusu nyumba yake.

Lakini tuanze na hiyo Oscar. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, waigizaji Weusi hawakuwepo, maana jimbo la Georgia lilikuwa na sheria za ubaguzi. Hata hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, tuzo zilikotolewa, haikupokea wageni Weusi. Ilibidi mtayarishaji David O. Selznick aombe ndio Hattie aingie, na bado akawekwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Alipanda jukwaani, akashukuru, akarudi kwa meza yake. Baada ya hapo, kazi alizopewa zilikuwa zilezile. Aproni tena.

Walter White wa chama cha NAACP alizipinga waziwazi nafasi za aina hiyo. Kwa wakosoaji, Hattie alikuwa anauza picha ya Mweusi anayefurahia kutumikishwa. Na ukweli usemwe, walikuwa na hoja. Filamu ile inaupamba utumwa, ilhali baba yake mwenyewe, Henry, alizaliwa mtumwa na akapigana katika vita vilivyoumaliza.

Sasa, pesa za aproni zilienda wapi? Alinunua jumba kubwa West Adams, Los Angeles, katika mtaa uliobandikwa jina Sugar Hill. Shida ni kwamba hati za ardhi pale zilikuwa na masharti: asiye Mzungu haruhusiwi kuishi. Baadhi ya majirani Wazungu wakaenda kortini kuwafurusha wenye nyumba Weusi, akiwemo Hattie na waigizaji wenzake Louise Beavers na Ethel Waters. Beavers naye alikuwa amejulikana kwa kucheza wafanyakazi wa nyumbani. Yaani kwenye skrini walikaribishwa jikoni kwa Mzungu, lakini kuwa jirani yake ikawa kesi.

Hattie hakuhama. Aliwakusanya majirani wakajipanga, na wakili Loren Miller akawatetea. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke alienda kujionea mtaa wenyewe, kisha akaitupa kesi akitegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani. Mwaka wa 1948, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Shelley v. Kraemer kwamba korti haziwezi kutekeleza masharti kama hayo. Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliopigania uamuzi huo.

Sisemi nyumba inaisafisha filamu. Nasema tukimhukumu kwa aproni pekee, tunaacha nje kazi iliyowasaidia watu ambao hata filamu zake hawakuzitazama.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Makaburi ya Hollywood, alikotaka kuzikwa, yalimkataa kwa sababu ya rangi yake. Miaka ya 1960 barabara kuu ya Santa Monica ikapasuliwa katikati ya Sugar Hill, na nyumba nyingi zikabomolewa. Ya Hattie ilibaki.