Kadi Mbili za Kliniki

Bibi yangu wa Idete ametunza kadi mbili za kliniki kwenye mfuko wa plastiki, chini ya kanga zake. Moja ni yangu. Ya pili ni ya pacha wangu: mstari wa uzito unapanda kidogo, unalala, unashuka, halafu karatasi ni tupu. Tulizaliwa Septemba 1998, mimi na kilo 2.3, yeye na kilo 1.8. Alifariki Mei 1999, wakati wa mavuno ya mpunga, akiwa na miezi minane.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi ndiye aliyekosea. Shuleni nilifundishwa kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, nami nilijua kwamba sisi tulianzishiwa uji wa mchele Januari, tukiwa na miezi minne. Hesabu nikaifunga mwenyewe, wala sikumwuliza.

Nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, nilichagua kuchunguza ushauri ambao akina mama wa bonde la Kilombero wamekuwa wakipewa kuhusu kuwalisha watoto wanaozaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5. Jambo la kwanza nililokutana nalo lilinitia aibu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likishauri maziwa ya mama pekee kwa miezi minne hadi sita. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuja kupitisha miezi sita Mei 2001. Bibi alikoroga uji ule katika mwezi ambao wataalamu walikuwa bado wanauruhusu. Mimi nilikuwa nikimhukumu kwa sheria iliyokuja baadaye.

Basi nikaanza upya, safari hii nikianzia shambani. Idete iko kwenye barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, kati ya milima ya Udzungwa na tambarare ya mto Kilombero. Mpunga hulimwa tambarare, mbali na nyumba, na msimu ukianza familia nyingi huhamia huko na kuishi kwenye madungu. Januari ile mama alikuwa akipalilia tangu alfajiri, na Bibi alibaki na watoto wawili. Mtoto mdogo sana huchoka upesi. Hunyonya kidogo, husinzia kabla ya kushiba, na baada ya saa mbili au tatu anahitaji tena. Mama anayepalilia ng'ambo ya majaruba hawezi kurudi kila mara. Angeweza kukamua maziwa kwenye kikombe kisafi, na Bibi akawanywesha taratibu. Hakuna aliyewafundisha hivyo.

Uji nao una historia yake. Ukiwa mzito, mtoto mdogo haumezi. Ukiongezwa maji anaumeza, tumbo linajaa, lakini nguvu iliyomo ni kidogo. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihimiza dawa rahisi ya tatizo hili: kimea. Unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa ukitiwa kwenye uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika vijiko vilevile. Nilipomweleza Bibi habari hii, alinitazama kwa muda.

"Kimea?" akasema. "Kimea nilikuwa nacho ndani, Doto. Nilikuwa napikia pombe."

Lakini pacha wangu, kwa maneno ya Bibi, "aliishiwa damu". Hapo ndipo utafiti wangu uliponirudisha karibu na nyumbani kuliko nilivyotarajia. Mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma katika miezi ya mwisho ya mimba. Anayezaliwa kabla ya wakati, au mdogo, huja na akiba ndogo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno kuweza kuijaza. Malaria ikiongezeka juu yake, damu huisha haraka.

Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, watafiti walilipima jambo hili kwa watoto 832 waliozaliwa mwaka 1995. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: watoto waliopewa dawa ya chuma kila siku, tangu wiki ya 8 hadi ya 24, walipungukiwa sana damu kwa kiwango kilicho chini kwa takribani asilimia 29 kuliko wasiopewa. Waliopewa dawa ya kuzuia malaria walinufaika zaidi. Sisi tulizaliwa mwaka mmoja baada ya matokeo hayo, katika bonde hilohilo.

Ni rahisi kukasirika hapo, nami nilikasirika. Lakini habari haikuishia Ifakara. Pemba, jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma pamoja na asidi ya foliki lilisimamishwa mwaka 2003, kwa sababu waliopewa walilazwa na kufa zaidi kuliko wenzao. Ikaonekana kwamba penye malaria nyingi chuma hakipaswi kugawiwa peke yake; kinga na tiba ya malaria lazima viende nacho. Elimu ambayo ningependa Bibi angekuwa nayo mwaka 1999, wenye maabara walikuwa bado wanaitafuta.

Baadaye jaribio lililofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, lilionyesha mwaka 2021 kwamba watoto wa chini ya kilo 1.8 wanaowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, hufa kidogo zaidi katika siku 28 za kwanza: asilimia 12.0, badala ya 15.7. Na mwaka 2025 sheria za kazi nchini zilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo. Niliisoma habari hiyo kwa furaha, kisha nikawaza: mpunga hautoi likizo.

Likizo iliyopita nilimsomea Bibi maelezo ya mwaka 2001. Alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Kwa hiyo mwaka ule uji wa miezi minne ulikuwa ruhusa?"

"Ulikuwa ruhusa, Bibi."

Akapepeta tena. "Na tungengoja mpaka sita, Kurwa angepona?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba kadi zote mbili, akazirudisha chini ya kanga.