Sindano, Bunduki na Pikipiki

Mgeni atokaye pwani, akishuka katika uwanja wa ndege wa Kanombe na kusikia watu wakiita "Moto! Moto!", yamkini atageuka kutafuta moshi. Hapa Kigali moto ni pikipiki ya abiria, neno tulilolipata kwa Kifaransa. Pikipiki nyingi za hapa zimetoka India, na wanafunzi wetu hutuuliza Wahindi walijifunza wapi ufundi huo. Sisi huwajibu kwa kuanza na sindano.

Mji wa Redditch, Uingereza, ulisifika kwa sindano. George Townsend alianza kuzitengeneza huko mwaka 1851, na baadaye kampuni yake ikaingia katika baiskeli. Biashara ilipoyumba, Albert Eadie na Robert Walker Smith waliishika mwaka 1891. Wakapata kazi ya kuchonga vipuri vya bunduki kwa ajili ya kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwako Enfield, karibu na London, na kwa furaha wakaipa baiskeli yao jina hilo. Ndipo likazaliwa jina la Royal Enfield, jina la mji ambao pikipiki hizo hazikutengenezwa kamwe! Alama yao ilikuwa mzinga. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka mwaka 1901.

Baada ya uhuru, jeshi la India lilihitaji pikipiki imara za kulinda mipaka, likachagua Bullet ya Redditch. Mwaka 1955 ikaundwa Enfield India mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai. Mwanzoni mafundi wa Madras waliunganisha tu vipuri vilivyoletwa kutoka Uingereza. Kisha wakanunua mitambo, wakaanza kuvifanya wenyewe. Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967, na mwaka 1970 kazi ikakoma kabisa Uingereza. Madras haikukoma. Mwaka 1977 ilianza kuwauzia Waingereza pikipiki hizo hizo.

Habari hii yatugusa. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Ampersand inaendesha pikipiki za umeme hapa Kigali, nazo huunganishwa papa hapa. Zapita kimya, bila ule mlio uliozaa neno pikipiki. Twapenda kujua ni kipuri kipi kitakachochongwa hapa kwanza, na ni shule gani itakayomfundisha fundi wake.