Ripoti Iliyopiga Hodi Katowice

Baada ya kipindi cha wiki hii wengi mmeuliza: kama wanasayansi wanajua, mbona serikali hazisikii? Kwangu mimi, jibu liko Katowice, Poland, Desemba 2018, kwenye ugomvi wa neno moja.

Turudi nyuma kidogo. IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, liliundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa. Moja ni UNEP, lenye makao yake Nairobi. Jopo halifanyi utafiti wake lenyewe. Linasoma tafiti zilizopo na kuzipima. Halafu muhtasari hupitishwa na serikali wanachama, mstari kwa mstari.

Paris, 2015, nchi zilikubaliana joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na zijitahidi liishie nyuzi 1.5. Hiyo 1.5 ilipiganiwa sana na nchi za visiwa vidogo. Kisha zikaliomba Jopo liwaeleze tofauti ni nini. Jibu likatoka Oktoba 2018 huko Incheon, Korea Kusini. Chukua matumbawe tu: kwenye nyuzi 1.5 yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Kwenye nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99. Kama babu yako alivua Pemba au Lamu, hebu zisome tena namba hizo.

Miezi miwili baadaye, Katowice, nchi nyingi zilitaka mkutano uikaribishe ripoti. Marekani, Saudi Arabia, Urusi na Kuwait zikagoma: itambuliwe tu, basi. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunaijua tofauti. Mtu akipiga hodi, kuna "karibu, pita ndani", na kuna "haya, nimekuona". Na nchi hizo nne wakati huo zilikuwa wanachama wa Jopo lilelile lililopitisha muhtasari.

Kwa kuwa mikutano hii huamua kwa maafikiano, wachache wanaweza kuwazuia wote. Mwishowe mkutano ulikaribisha "kukamilika kwa wakati" kwa ripoti. Yaani mgeni kasifiwa kwa kuwahi, alichokuja kusema kikaachwa mlangoni.

Lakini hakuondoka. Glasgow, 2021, nchi zote ziliandika kwenye makubaliano yao kwamba ili kubaki kwenye 1.5, hewa ya ukaa ipunguzwe kwa asilimia 45 ifikapo 2030, ukilinganisha na 2010. Namba hiyo ilitoka kwenye ripoti ileile. Kwa hiyo nadhani serikali zilisikia vizuri tu. Kilichobaki ni kutenda, na 2030 haiko mbali.