Kisukari cha paka: Sindano yaweza kumponya au kumuua

PAKA si mnywaji mkubwa wa maji. Asili yake ni nchi kame za Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika, na figo zake zina uwezo mkubwa wa kuhifadhi maji mwilini. Kwa hivyo, akianza kurudia bakuli la maji mara kwa mara, akakojoa kupindukia na kukonda ilhali anakula kwa ulafi, mwenyewe hana budi kushuku kisukari.

Dalili nyingine hujitokeza katika mwendo. Badala ya kutembea kwa ncha za vidole, paka huanza kukanyaga kwa visigino vya miguu ya nyuma. Hali hiyo hutokana na neva kudhuriwa na sukari ya muda mrefu, na yaweza kupungua matibabu yakifaulu.

Ugonjwa huu hufanana sana na kisukari cha aina ya pili kinachowapata binadamu. Kongosho hutoa insulini, lakini mwili hauiitikii ipasavyo, na hatimaye kongosho lenyewe huchoka. Walio hatarini zaidi ni paka wanene waliotimu umri wa makamo, hasa madume waliohasiwa na wanaoshinda ndani ya nyumba. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutumiwa kutibu mzio na pumu, pia zaweza kuuchochea.

Hata hivyo, kipimo kimoja cha damu hakitoshi kuuthibitisha. Hofu ya kushikwa na mtu asiyemjua yaweza kupandisha sukari ya paka asiye mgonjwa. Ndiposa daktari wa mifugo huchunguza mkojo pia, au hutumia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika majuma machache yaliyotangulia.

Nyumbani, kazi huanzia kwenye sahani. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na ini lake halina wepesi wa kushughulikia wanga. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi za Kenya mlo wake ni ugali uliorowekwa kwa maziwa au mchuzi. Vyakula vikavu vya dukani navyo vingi vina wanga si haba. Kinachomfaa ni chakula laini cha mkebe chenye protini nyingi. Anayempikia mwenyewe apate ushauri kwanza, kwani nyama tupu humnyima kalsiamu na virutubisho vingine. Omena pasi na ugali ni afadhali kuliko omena na ugali, lakini si mlo kamili.

Jambo moja husahaulika: wanga ukipunguzwa, haja ya insulini hupungua pia. Daktari aarifiwe kabla ya mlo kubadilishwa.

Insulini hudungwa mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita kati ya sindano moja na nyingine. Paka wengi huanzishiwa yuniti moja tu kila mara. Ngozi ya ubavuni huinuliwa kwa vidole, na sindano, ambayo ni nyembamba mno, hupenyezwa chini yake paka akiwa anakula au amekwisha kula. Wengi wao hata hawageuki kutazama.

Hatari kubwa imo katika bomba la sindano lenyewe. Baadhi ya insulini za mifugo zina yuniti 40 katika kila mililita, ilhali insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100, na kila moja ina mabomba yake. Anayevuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba lenye alama za 40 humdunga paka dozi mara mbili na nusu ya iliyokusudiwa. Kosa kama hilo laweza kumuua siku hiyo hiyo. Kadhalika, insulini au vidonge vya jamaa mwenye kisukari visitumiwe kwa kubahatisha.

Sukari ya juu hudhuru polepole. Sukari ikishuka mno, paka huanguka kwa dakika chache. Hulegea, hupepesuka, huduwaa na mwishowe hutetemeka kwa kifafa. Asali au sharubati nzito ya sukari ipakwe kwenye fizi zake bila kumwagwa kooni, kisha akimbizwe kwa daktari. Paka asiyetaka kula asidungwe dozi ya kawaida kabla daktari hajaulizwa. Iwapo dawa imemwagika juu ya manyoya na haijulikani ni kiasi gani kimeingia, sindano isirudiwe. Isubiriwe zamu inayofuata.

Kipimo cha nyumbani hupunguza kubahatisha. Tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa. Mashine za binadamu hutumika, ingawa kwa damu ya paka mara nyingi huonyesha kiwango pungufu kuliko kilivyo, na hilo mwenyewe alijue. Lengo si kufikia kiwango cha paka mzima. Sukari huanza kumwagika katika mkojo inapopita takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita, na akidhibitiwa chini ya hapo kwa muda mwingi wa siku, kiu hupungua.

Wapo wanaochukia sindano. Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin kwa paka mwaka 2022, na velagliflozin, dawa ya maji, mwaka 2023. Zote hutolewa mara moja kwa siku na huzifanya figo zitoe sukari kupitia mkojo. Hata hivyo, hazikukusudiwa paka aliyewahi kutibiwa kwa insulini, na zaweza kuleta sumu ya ketoni hata wakati sukari inaonekana shwari. Kutapika na kukataa chakula ni ishara ya kumwona daktari mara moja.

Lakini ipo sababu ya kutokata tamaa mapema na kuomba paka auawe. Baadhi yao, hasa waliogunduliwa mapema na kulishwa wanga kidogo, huacha kuhitaji insulini baada ya majuma au miezi kadhaa. Huo ndio wakati wa kupima mara nyingi zaidi, kwani dozi iliyomponya mwezi uliopita yaweza kumwangusha sasa. Ugonjwa hurejea pia, kwa hivyo uzani wake na maji anayokunywa huendelea kuandikwa hata baada ya sindano kuachwa.