Sarafu ya Kilwa na Mahali Ilipookotwa: Wakusanyaji na Ushahidi wa Historia ya Pwani

Mwaka 1944, askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, alikuwa zamu katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alipokuwa akivua samaki ufuoni aliokota mchangani sarafu tisa. Alizihifadhi bila kujua asili yake hadi mwaka 1979, alipozipeleka kwa wataalamu. Nne zilitambuliwa kuwa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, za karne ya 17 na ya 18. Tano zilizosalia zilikuwa za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, nazo zilipigwa Kilwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama fumbo la mabaharia: je, Waswahili walifika Australia? Makala hii haina nia ya kulijibu swali hilo. Kinachotushughulisha ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba Isenberg aliweza kuonyesha kwenye ramani mahali alipoziokota. Lau angeziuza kimyakimya kwa mfanyabiashara wa sarafu, leo zingekuwa shaba tano zilizochakaa katika albamu ya mtu, zisizo na lolote la kuzitofautisha na nyingine za Kilwa. Hata hivyo, kumbukumbu ya miaka 35 ina mipaka yake. Haituambii iwapo sarafu za Kilwa zililala katika tabaka moja na zile za Kiholanzi, wala iwapo zilifika pamoja mikononi mwa msafiri mmoja wa karne za baadaye. Msafara wa kitaalamu uliokwenda huko mwaka 2013, ukiongozwa na mwanaanthropolojia Ian McIntosh, haukuweza kulirejesha lile ambalo halikuandikwa siku ile ya kuokota.

Hoja yetu ni kwamba kwa sarafu za Kilwa, kuliko kwa sarafu nyingi za dunia, mahali pa kuokotwa ndipo penye nusu ya maana. Sababu imo katika sarafu zenyewe. Upande mmoja huandikwa jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan au Sulaiman bin al-Hasan. Upande wa pili huwa na maneno ya kumtegemea Mola, yaliyochaguliwa ili mwisho wake upatane kwa kina na jina hilo. (Wanafasihi waliomo katika mkutano huu watanisamehe nikisema kwamba shaba hizi zinastahili kusomwa na wao pia.) Aghalabu hazina mwaka, wala hazitaji mji zilipopigwa. Majina nayo hurudiwa katika nasaba, hivi kwamba mtafiti anaweza kumweka mtu katika karne isiyo yake.

Ndivyo ilivyotokea kwa Ali bin al-Hasan. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alichapisha uchambuzi wa sarafu za Kilwa mwaka 1936, na G. S. P. Freeman-Grenville akauendeleza katika miaka ya 1950. Kazi zao zilitegemea kwa kiasi kikubwa sarafu zilizookotwa juu ya ardhi na kupita mikononi mwa wakazi, maofisa na wakusanyaji. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alimweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, miongoni mwake zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Dinari hizo zilikuwa na miaka, na ya karibuni zaidi ilikuwa ya karne ya 11. Mtawala akasogezwa nyuma zaidi ya karne moja, na historia ya mwanzo wa Kilwa ikasogea naye. Jina lake lilikuwa likisomeka siku zote. Kilichobadilisha hukumu ni sarafu nyingine zilizolala kando yake.

Mfano wa Great Zimbabwe ni mfupi lakini una uzito. Sarafu moja tu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, mtawala ambaye Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331, ilipatikana huko bara. Katika soko la sarafu thamani yake ingekuwa ndogo. Kwa kuwa imejulikana ilikotoka, inaunganisha biashara ya dhahabu ya bara na mji wa bandari katika muongo unaokadirika.

Tukiwatazama wakusanyaji wa leo, tunaona kwamba wao si watu wa kuficha. Mkusanyaji akipata nyongeza mpya hufurahi kuionyesha kwa wenzake: ataipima uzito na kipenyo, atapiga picha za pande zote mbili, atauliza jina linasomekaje, na mara nyingi atataja bei. Kwa sarafu iliyopigwa na serikali ya kisasa hayo yanatosha, maana mwaka umeandikwa juu yake na idadi imo katika vitabu. Kwa sarafu ya Kilwa, orodha hiyo hiyo huacha nje kilicho muhimu. Baadhi ya wanaakiolojia huwahesabu wakusanyaji wote kuwa waporaji. Sikubaliani nao, ingawa naelewa kinachowauma: kitu kinaweza kuonyeshwa hadharani kwa uaminifu mkubwa huku asili yake ikiwa imekwisha kupotea mikononi mwa wachuuzi watatu waliotangulia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inadhibiti uchimbaji na usafirishaji wa mabaki ya kale nje ya nchi. Udhibiti huo ni wa lazima, lakini mvuvi aliyeokota shaba baada ya mvua huogopa kuulizwa maswali, naye huona ni salama zaidi kumuuzia mgeni. Uingereza ilianza mwaka 1997 mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia, na zaidi ya vitu milioni moja vimeingizwa katika kumbukumbu zake. Mpango huo hauwezi kuhamishwa ulivyo, kwa kuwa huko mwokotaji mara nyingi hubaki na kitu chake, jambo ambalo kwetu lingechochea uchimbaji wa magofu. Linaloweza kuazimwa ni daftari: afisa katika kila wilaya ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, anayepokea sarafu bila vitisho na kuandika tarehe, ufuo au shamba ilikoonekana, na vitu vilivyokuwa karibu nayo. Fomu iwe moja kwa nchi zote za pwani, na iwe ya Kiswahili, ili mvuvi aisome mwenyewe kabla ya kuweka sahihi yake.